Aliyeitiwa Mwizi

Kariakoo, Dar es Salaam
14 Januari 2024

Mjomba Damasi,

Shikamoo. Mimi mpwa wako Beno sijambo, sijui wewe na mama na wote wa huko Tawa. Huku Bongo joto limepitiliza, mtu analala chini sakafuni kama kuku. Barua hii nampa Josepha, maana siku hizi analeta ndizi na mdalasini huku mara mbili kwa mwezi. Naona afadhali niandike kuliko nipige simu halafu wewe unasema "nini? nini?" mpaka Tawa nzima ijue mambo yetu. Masikio yanaendeleaje?

Najua mmenuna sikuja Krismasi. Mama nilimwambia ni biashara. Siyo biashara, mjomba. Tarehe ishirini na moja Desemba, saa nne asubuhi, kuna mwizi aliuawa hapa Mtaa wa Kongo, hatua chache kutoka kwenye meza yangu ya raba. Walimpiga kwa bomba la chuma, kwa mawe, kwa kiti cha fundi viatu. Kichwa kilipopasuka nilisikia, kama mtu anavunja nazi. Alikuwa na miguu mirefu, na mguu mmoja uliendelea kuikwangua lami baada ya sisi wote kujua kwamba mwizi amekwisha.

Tangu siku hiyo nyama hainipiti kooni. Nimeanza kusali kwa Nabii mmoja, ukumbi wake uko ghorofani kule Mchafukoge, watu wanafunguliwa kweli. Lakini naomba na wewe uniombee misa kwa paroko. Hivi mwizi naye anaombewa?

Wasalimie wote. Mwambie mama dawa ya goti nitampa Josepha safari ijayo.

Mpwa wako,
Beno

—

Tawa
4 Februari 2024

Beno mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima kwa neema ya Mungu. Mama yako Severa goti bado linamsumbua, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Migomba ya bondeni imeangushwa na upepo. Masikio unayoulizia yamekufa, mwanangu. Siku hizi kengele ya kanisa naipiga mwenyewe na siisikii, naangalia tu kama watu wanakuja.

Sasa tuje kwako. Umeandika "mwizi" mara tatu na hukuniambia aliiba nini. Umejua miguu yake ilivyokuwa mirefu na hukunipa jina. Nimefundisha katekisimu miaka thelathini na moja, namjua mtoto anayekuja kuungama dhambi za jirani. Nani alipiga kelele? Aliiba nini? Na wewe ulikuwa umesimama wapi? Hayo matatu unijibu kwanza, misa baadaye.

Huyo Nabii wako simjui na sitamtukana. Lakini anakujua wewe tangu lini? Mimi nilikubeba mgongoni.

Ndimi mjomba wako,
Damasi Kobelo

—

Kariakoo
17 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Dawa ya mama ni hii kwenye mfuko mweusi, apake asubuhi na jioni. Dada kajifungua nimesikia, hongereni. Josepha amekuja mara mbili nikamkimbia, usimlaumu yeye.

Hakuwa mwizi. Aliitwa Ridhiwani, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wangu. Alikuwa anatembeza mikanda begani, na hawezi kuanza mzunguko kabla hajapita mezani kwangu kunitukana. "Mluguru, hujaniamkia bwana wako." Na mimi namrudishia, tunacheka, siku inaanza. Huo utani wetu na wao ulinifundisha wewe, kwenye msiba wa babu, pale Mnyamwezi alipolala ndani ya kaburi akagoma kutoka.

Siku ile alivua ndala, akavaa raba zangu nyeupe, akaondoka nazo anatamba. "Mtumwa hana mali, mali yake ni ya bwana wake." Ameshanifanyia hivyo mara nyingi, anafika kwenye kona anarudi. Na mimi kila mara napiga kelele: "Mwizi! Nishikieni mwizi wangu!" Wauzaji wenzetu wanavunjika mbavu. Lakini ile ilikuwa wiki ya Krismasi, mjomba. Mtaa umefurika watu wasiotujua, na juzi yake mama mmoja alikwapuliwa mkoba na watu wa pikipiki akaburuzwa mpaka nyama ya goti ikabaki barabarani. Watu walikuwa na hasira wanatafuta wa kummalizia. Nilipoita, mtu wa kwanza kugeuka sikuwa namjua, na mkononi alikuwa na kipande cha bomba.

Pigo la kwanza lilimpata mgongoni. Ridhiwani akacheka, akadhani wanachangia utani. La pili lilivunja mkono na hapo akaacha kucheka. Nikakimbilia, "Mwacheni, huyu mtani wangu." Nani asikie. Jamaa mmoja kifua wazi akanikaba shati. "Ni mwizi wako au siyo? Kama siyo, mko wawili, mnatuchezea." Nikaona wengine wameshaanza kuniangalia mimi. Nikasema ni mwizi wangu.

Ndiyo hivyo, mjomba, nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Kuna msukuma mkokoteni anaitwa Bushiri. Aliacha mzigo wa watu katikati ya barabara akaenda kumlalia Ridhiwani juu ili wamwache. Walimpiga na yeye mpaka wakachoka. Polisi walipofika kila mtu ameyeyuka, wakamkuta Bushiri peke yake, amelowa damu, amekumbatia maiti. Yuko mahabusu mpaka leo kwa kesi ya mauaji. Anawaambia alikuwa anamkinga, hakuna shahidi anayemsimamia.

Nimemweleza Nabii. Amesema Bwana amemwonyesha jiwe kooni mwangu na tayari limetolewa, nisirudi nyuma kulitafuta. Nilijisikia mwepesi siku mbili.

Beno

—

Tawa
24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Beno,

Sina salamu. Mama yako mzima, hajui, hatajua kwa mdomo wangu.

Mtu amekufa kwa neno lako, na mwingine anaoza ndani kwa kimya chako, na wewe unaniandikia habari za wepesi? Nilipoisoma barua yako nilitamani ningekuwa karibu nikuchape makofi mpaka mkono ufe ganzi. Leo nimebeba tawi kuzunguka kanisa na watu wanaimba, siwasikii, naona midomo tu, nikawa nawaza kwamba midomo hiihii Ijumaa itamtaka Bwana asulubiwe. Pilato naye aliwasikiliza watu. Alikuwa na hofu kama yako, na maji ya kunawa hayakumsaidia.

Sikiliza. Kwetu Uluguru baba anazaa, mjomba anaamua, na mimi naamua. Utaenda kwa mama wa huyo marehemu umwambie mwanawe hakuwa mwizi. Kisha utaenda kituoni umtoe Bushiri kwa maelezo yako. Utatukanwa, utapigwa labda. Upigwe. Sauti inayokuambia unyamaze, hata ikinena kwa lugha na kutoa mapepo, si ya Mungu. Hiyo ndiyo barua yangu.

Damasi Kobelo

—

Kariakoo
28 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Kristo amefufuka. Nasikia mvua zimekata barabara ya huko, ndiyo maana Josepha kachelewa. Pole kwa nyumba ya jikoni kuanguka.

Nimejaribu. Nilivuka na pantoni kutoka Magogoni kwenda Kigamboni kwa mama yake, anaitwa Bi Kuruthumu. Sikukuambia kwamba mazikoni nilikwenda. Watu walikuwa wachache mno, nani anataka kuzika mwizi. Yule mama aliponiona akasema, "Afadhali mtani wake umekuja." Sasa ningefanyaje? Nikafanya kazi ya mtani. Nikaziba njia, nikasema mtumwa wangu hazikwi mpaka anilipe, nikaigiza anavyotembea na mikanda yake. Watu walicheka, na mama mwenyewe akacheka na machozi, akanishika mikono akanishukuru. Mjomba, nilipitia nyuma ya msikiti nikaondoka bila kumuaga.

Kwa hiyo safari hii nilipokaa kwenye mkeka wake, akaniletea uji, akaanza kunisimulia Ridhiwani alivyokuwa ananitaja. Nikaitikia tu kama mtani. Nikanywa uji nikaondoka.

Sijui nani alinichoma kwao kwamba nataka kusema, labda nilimwamini mtu nisiyepaswa kumwamini. Jumatano mchana walinijia wawili mezani, mmoja ni yule wa kifua wazi. Walinivuta mpaka kwenye uchochoro wa maghala, wakanigongesha uso kwenye mlango wa bati mpaka jino la mbele likatoka, wakanikanyaga vidole vya mkono huu ninaoandikia. Ndiyo maana mwandiko uko hivi. Yule wa kifua wazi akaniambia taratibu, tena kwa adabu, "Dogo, sisi hatuhitaji kukuua. Tukikuitia mwizi, mtaa utafanya."

Nabii amenipaka mafuta. Anasema sauti za ukoo hubeba mizimu, nisizifungulie mlango, na barua zako nizichome. Sijazichoma. Lakini naogopa, mjomba. Kesi ya Bushiri inatajwa tena tarehe kumi Juni.

Beno

—

Tawa
19 Mei 2024, Pentekoste

Mpwa wangu, mwanangu Beno,

Nakusalimu sana. Sana. Mama yako anakusalimu. Hali zetu nzuri, mahindi yamebeba, mtoto wa dada yako tumempa jina Kobelo.

Josepha alipoleta barua yako alinionyesha kitu kwenye simu yake, ile video ya Mtaa wa Kongo ambayo watu wamerushiana. Walikuwepo wengine pale, kelele zilipoanza wakaziba masikio. Mimi sikusikia chochote, kwa hiyo nilibaki natazama mikono. Nikaona mikono miwili imeinua kipande cha tofali. Mwenye mikono amegeuza mgongo, hakuna atakayemjua. Lakini bega la kushoto liko juu kuliko la kulia, tangu alipoanguka kwenye mfenesi wangu akiwa na miaka tisa. Nililikanda bega hilo kwa mafuta mwezi mzima.

Hukuniambia hilo.

Nilikuamuru uende kituoni nikidhani nampeleka shahidi. Shahidi ningempeleka hata kama angepigwa. Mtu wa kunyongwa siwezi kumpeleka. Nafasi yangu ya ujomba itarithiwa na nani? Nimepiga magoti mbele ya Sakramenti siku nne nikimwomba Mungu aniambie, na Mungu kwangu yuko kimya kama kila kitu kingine. Ninachokiona ni mdomo wa mama yako tu, maana nimemwambia, sikuweza kubeba peke yangu. Kutwa unatamka neno moja: mwanangu.

Kwa hiyo mimi mjomba wako naamua tena. Nyamaza. Panda Fuso la Josepha siku anayogeuza, kaa juu ya matenga, rudi nyumbani ulime. Bushiri ana ndugu zake watamtafutia wakili. Mungu hutoa njia. Barua ya Machi ichome, na hii pia.

Damasi

—

Mahabusu, Dar es Salaam
16 Juni 2024

Mjomba Damasi,

Shikamoo. Mimi mzima, vidole vimepona, vimepinda kidogo. Humu tunalala ubavu, mmoja akigeuka wote wanageuka. Mwambie mama nakula.

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na sita Mei na nilifurahi, sikufichi. Nililia kwa furaha. Nikafungasha raba kwenye kiroba, nikamwambia Josepha aniwekee nafasi. Wewe ulikuwa wa mwisho aliyebaki kunikatalia, na sasa umekubali. Asubuhi ya kuondoka nikaamka mapema, na badala ya kwenda kwenye gari nikajikuta nimekaa juu ya kiroba mpaka Josepha akaondoka.

Tofali ni kweli. Walinipa mkononi wakasema, "Anza wewe, mwenye mali." Ridhiwani alikuwa bado ana akili zake. Alikuwa amekaa chini, mkono umevunjika, akanitazama mimi tu. Akasema, "Mtani, waambie basi." Hakulia wala hakuomba. Alisema kama mtu aliyechoka na mchezo anataka kwenda zake. Nikamtupia. Lilimpata juu ya jicho, na baada ya hapo hakuniangalia tena.

Hilo sikulisema kwako, wala kwa Nabii. Nimesikiliza watu wengi tangu Desemba, mjomba. Nabii ananipenda, na wewe zaidi. Wote wawili mlifika mahali mkaniambia ninyamaze, na kila mmoja alimtaja Mungu. Ridhiwani hakumtaja Mungu. Aliniambia tu niseme kweli, na sikuwahi kusikia kitu chenye amri kama kile. Nikaona kama Yesu yupo mtaa ule, hayupo kwa Nabii ghorofani. Alikuwa amekaa pale kwenye lami anasubiri niwaambie. Nisamehe kama nakufuru, wewe ndiye mwalimu.

Nikavuka Kigamboni. Safari hii nilisimama mlangoni, sikukubali mkeka. Nikamwambia Bi Kuruthumu yote, kelele, mwizi wangu, tofali. Alikuwa anasonga ugali. Alinipiga na ule mwiko wa moto kichwani, mabegani, usoni, mpaka ukakatika, kisha akanipiga kwa mikono, akaning'ata hapa shingoni. Majirani wakaja kwa kelele na mmoja akauliza, "Mwizi?" Mjomba, nilijua nimekufa. Yule mama akajiweka mbele yangu, anahema, ugali mikononi, akasema, "Hapana. Hapa hakuna mwizi. Rudini makwenu."

Akanawa, akajifunga kanga, akafuatana nami mpaka pantoni. Hakuniamini kama nitafika. Kwenye maji alinishika mkanda wa suruali kwa nyuma njia nzima, mpaka kaunta ya kituo. Askari akauliza shida. Akasema, "Kwanza andika kwamba mwanangu hakuwa mwizi. Huyu mengine atakueleza."

Bushiri walimtoa Ijumaa. Siku kumi tulikuwa chumba kimoja na hakunisemesha. Ana mbavu zilizounga vibaya, akikohoa anashika ukuta. Alipoitwa kutoka alinipita, akarudi, akanipa ndala zake, maana humu sakafu ni maji matupu. Akasema, "Umechelewa sana." Basi.

Yule wa kifua wazi amekamatwa, mwenzake bado. Nabii hajaja. Sikukutii, mjomba, na sijui kama nitanyongwa. Usiku silali, lakini nyama ya kwenye sahani ya Jumapili iliyopita nimeila.

Beno

—

Tawa
30 Juni 2024

Beno,

Marahaba. Mama yako ananyong'onyea lakini anakula. Goti hajalitaja wiki ya pili sasa.

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya waumini kabla ya matangazo. Nikawaambia, mpwa wangu aliua mtu asiye na kosa, na mimi niliyewafundisha watoto wenu amri ya tano nilimwandikia anyamaze, mtu mwingine afungwe badala yake. Sikusikia walichosema. Niliona mzee mmoja amesimama anapiga kelele kwa ngumi, na akina mama wawili wametoka. Paroko amenipumzisha ukatekista. Funguo za kanisa nimezirudisha.

Usiniombe radhi kwa kutonitii. Barua ya Mei niliiandika kwa mapenzi matupu, na mapenzi yale yalitaka damu ya Bushiri. Namwogopa Damasi yule, na bado yumo humu ndani. Hata sasa nikiinua kalamu ananong'ona kwamba tungeweza kusema ulilazimishwa tofali, kwamba mkono uliteleza. Kwa hiyo ukipata barua nyingine yangu inayokufundisha cha kusema, ichane.

Nakuja. Josepha atanishusha Kariakoo na kutoka hapo nitatembea. Nitakwenda kwanza Kigamboni kwa Bi Kuruthumu, kama mtu wa upande wako, nipokee mwiko wangu. Kisha nitakaa huko mjini mpaka kesi iishe, hata ikichukua miaka. Kila siku utakayopandishwa mahakamani nitakuwa benchi la mbele, na sitasikia neno hata moja. Jaji atakapokuuliza, mwanangu, jibu kwa sauti, na usigeuke kunitazama mimi.

Mjomba wako,
Damasi